Bao Lisilo na Golikipa

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mlangoni mwa duka la vyakula la mji wetu, Kvarnsele, katikati ya mashine ya kurudishia makopo matupu ulipwe senti zako na ndoo za maua ambayo hakuna anayeyanunua mpaka Siku ya Mama. Nje ni Machi, theluji ya maegesho imerundikwa juu kuliko magari. Kila Jumamosi saa nne asubuhi tunakuwepo wanne. Waziri, jina lake Ingvar, aliwahi kukaa baraza la mji miaka miwili, na mpaka leo anaongea kama yuko kikaoni. Folke tunamwita Dakika Mbili, maana enzi zake akiwa beki wa hoki ya barafuni hakumaliza mechi bila kutolewa nje dakika mbili kwa kupiga watu ngwala. Mimi ni Evert, niliendesha gari la kulainisha barafu kwa maji kule ukumbini tunakochezea hoki, miaka ishirini na tisa. Na pembeni kabisa, upande wa maua, hukaa Ragnvald na fumbo lake la maneno la gazetini. Ragnvald ndiye aliyekuwa golini siku tuliposhuka daraja, miaka thelathini na sita iliyopita, na tangu siku hiyo hajakanyaga ukumbini. Bao lililotushusha tunalijadili kila wiki. Golikipa hatajwi. Sheria hiyo hatukuiandika popote, ila ndivyo ilivyo, na atakayeivunja nitammwagia kahawa mimi mwenyewe.

Klabu yetu ya hoki ilianzishwa na watu wa kiwanda cha mbao waliomwagia maji uwanja wa magogo, yakaganda, wakaanza kuteleza na kukimbiza kisahani cha mpira kwa magongo. Ikapanda mpaka ligi kuu, ikakaa humo miaka kumi na minne, halafu likaja bao lile. Timu ya wanaume siku hizi ni mafundi bomba na walimu, wanacheza daraja la nne na kushukuru. Lakini wanawake wetu, Jumamosi ninayoisimulia hapa, saa tisa alasiri, walikuwa wanacheza kupanda ligi kuu. Nilikuwa na tiketi nne mfukoni. Nilitaka Ragnvald aje. Nimelitaka hilo miaka mingi, ila mimi kuomba sijui.

– Mimina bwana, mbona unaipimia kama dawa? Dakika Mbili akamwambia Waziri, aliyeshika chupa ya kahawa.

– Taratibu. Leo ni siku ya heshima. Mabinti wakipanda leo, Kvarnsele inarudi pale ilipoibiwa.

– Iliibiwa na nani tena?

– Nitakwambia, Waziri akasema. Sare ilikuwa inatutosha kubaki. Tatu kwa tatu, zimebaki sekunde arobaini. Jamaa anapiga kisahani kutoka nusu ya kwao, anakiondoa tu, hana habari na goli. Kinateleza, kinateleza, kinaingia. Hiyo ni kawaida?

– Ni maji, nikasema. Nilizidisha maji wakati wa mapumziko. Barafu ikalowa katikati.

Huo ni uongo wangu wa siku nyingi. Maji niliyaweka sawasawa, kama siku zote. Nilianza kuusema wiki ileile, Ragnvald alipokuwa hatoki nyumbani, na sasa hata kinyozi wangu ananilaumu. Hainiumi.

– Acha fiksi, Evert, Dakika Mbili akasema. Barafu ikilowa kisahani kinapunguza mwendo, hakiongezi. Kile kilibadilishwa. Wale jamaa walikuja na cha kwao, wamekilaza siku tatu kwenye friji ya samaki. Kikiganda namna ile hakisimami. Harufu yake niliisikia.

– Uliisikia ukiwa wapi? Waziri akamuuliza. Sekunde zile wewe ulikuwa umekaa kwenye kibanda cha adhabu.

– Kibanda kiko karibu na barafu.

– Basi uliyekuwa unanuka ni wewe.

– Haya, wewe uliyenukia, tueleze.

Waziri akaweka kikombe chini. Akifanya hivyo ujue tumekwisha.

– Mimi nilikuwa barazani, nimeona makaratasi. Miaka ile nyambizi za kigeni zilikuwa zinatafutwa kila mahali. Kweli si kweli?

– Huko baharini.

– Na mto wetu unaishia wapi? Si huko huko?

– Waziri, ule mto mbwa wangu anauvuka bila kulowa tumbo.

– Nyambizi ndogo zipo. Ilipita jioni ile chini ya daraja, na sumaku yake. Taa za ukumbini zilicheza, mnakumbuka?

– Kisahani ni mpira mtupu, nikasema. Sumaku inavuta mpira?

– Nani kasema ilivuta kisahani? Ilivuta goli. Nguzo ni chuma, bwana. Goli lilisogea lenyewe sentimita ishirini, likakifuata kisahani.

Dakika Mbili akatafuna andazi la mdalasini akiwaza.

– Sentimita ishirini nakubali, akasema. Hata mimi kule kibandani nilihisi navutwa.

Ragnvald hakuinua macho kwenye gazeti, lakini nilimwona anajikuna shavu ili asicheke. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu.

– Nina tiketi nne za leo, nikasema, nikizitoa mfukoni na kuyatazama maua.

– Nne? Waziri akauliza.

– Nne.

– Mimi leo natoa theluji paani, Ragnvald akasema.

– Uliitoa Jumanne, Dakika Mbili akamwambia.

– Imeanguka nyingine.

Haikuwa imeanguka hata punje. Nikazirudisha tiketi mfukoni, na moyo uliniuma, sitaficha.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba mashine ya makopo imenyamaza. Mbele yake alisimama binti wa miaka ishirini na kitu, na mifuko miwili ya makopo. Muda wote alikuwa anaingiza kopo mojamoja, polepole, kama hana pa kwenda. Hatukumjua.

– Samahani wazee wangu, akasema. Nimewasikiliza tangu mwanzo. Naweza kuuliza kitu?

– Uliza, binti, Waziri akasema. Kama ni habari ya nyambizi, ramani ninayo nyumbani.

– Golini alikuwa nani?

Waziri akaanza kumimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Dakika Mbili akawa anasoma bei ya maua. Mimi nilifungua mdomo niseme maji, na maji hayakutoka.

– Nimesikia barafu, samaki, sumaku, akaendelea, wala hakuwa na ubaya wowote. Golikipa sijamsikia. Au goli lilikuwa tupu?

– Wewe ni mgeni hapa, nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri. Maliza makopo yako uende.

– Muache, Evert, Ragnvald akasema. Akaweka kalamu chini. Golini nilikuwa mimi, akamwambia binti.

Binti akaja akachuchumaa mbele yake.

– Pole, akamwambia.

– Asante.

Niliona aibu. Miaka thelathini na sita, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwambia neno hilo.

– Ilikuwaje?

– Nyambizi haikuwepo.

– Hilo nilihisi.

– Wala maji. Evert anamwaga maji vizuri kuliko mtu yeyote nchi hii. Niliitazama saa. Iko kwenye ubao juu ya kantini, unaiona ukiwa golini. Nikaona sekunde arobaini na moja. Nikawaza, tumebaki ligi kuu, nitampigia mama simu. Nikaanza kufurahi. Niliposhusha macho, kisahani kilikuwa kati ya miguu yangu.

Aliyasema hayo kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia ya posta.

– Ni hilo tu? Dakika Mbili akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo.

– Ni hilo tu.

– Sasa mbona hukusema, ndugu yangu?

– Mlikuwa mnahangaika sana na samaki. Sikutaka kuwakatisha.

Waziri akacheka mpaka kahawa ikampalia. Halafu akawa anafuta macho kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Binti hakucheka.

– Mimi naitwa Tuva, akasema. Nimehamia hapa Januari, golikipa wa akiba. Lotten, anayechezaga siku zote, kavunjika kidole Jumatano. Leo nasimama mimi. Sijala tangu jana mchana. Nimekuja na makopo ili mikono ipate kazi.

Tukamtazama upya. Mara mbili tatu tulikuwa tumemwona ukumbini, kumbe, lakini golikipa akishavaa kinyago utamjuaje?

– Saa bado iko palepale? Ragnvald akamuuliza.

– Palepale. Kipindi cha tatu, cha mwisho, itakuwa mbele yangu. Na sasa umeshaniambia, nitaitazama tu. Nitajizuiaje?

Ragnvald akafikiri. Waziri alitaka kutoa maoni, nikamkanyaga mguu.

– Hutaweza kujizuia, Ragnvald akasema. Kazi hiyo mpe mtu mwingine. Nyuma ya goli kuna kioo, na watu husimama pale. Nitasimama pale. Saa nitaitazama mimi. Zibaki kumi, zibaki mbili, hazikuhusu. Mpaka usikie nimegonga kioo, mechi haijaisha.

– Utagonga kweli?

– Nitagonga.

Waziri akamsogezea Tuva sahani ya maandazi. Akala moja amesimama, akachukua la pili, akaondoka nalo mkononi. Mfuko mmoja wa makopo aliusahau pale pale kwenye mashine.

Ragnvald akakunja gazeti na fumbo halijaisha. Akavaa kofia, akavuta zipu ya koti hadi kidevuni.

– Evert, milango inafunguliwa saa ngapi?

Miaka ishirini na tisa milango ile nilikuwa naifungua mwenyewe. Nikampa tiketi.