Dorica Mwaba, 1919–1958: Mke wa Mtu Aliyelala Barazani

Mama tunayemzika leo alizaliwa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Mweru, tarehe 4 Machi 1919, binti wa mvuvi Chisenga na mama Mubanga. Ng'ambo hiyo ilimpa Kiswahili, ambacho kwacho baadaye aliwaimbia watoto wa Kibemba bila kuomba ruhusa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Alitaka kuendelea, lakini nafasi zilikuwa za wavulana.

Kuanzia 1939 alisaidia wodi ya wazazi hapa Kashikishi. Mtoto akikataa kunyonya, wengine walimsukumia titi mdomoni. Dorica alimzuia mama: "Akigeuza uso, umuache. Ungojee. Akirudi, akukute." Mama akikosea, mtoto akalia, hakumkemea. "Unarudi tu. Mutoto haombi mama asiyekosa."

Mwaka 1938 alikuwa ameolewa na Patson Mulenga, aliyechimba shaba Katanga. Mwaka 1951 mwamba ulimfunika Patson mgodini. Alirudi mzima wa viungo, lakini hakuweza kuvuka mlango wowote. Alilala barazani hata masika. Dorica alimbembeleza, akamwombea, akaleta wazee wa kanisa. Kila neno lilimfunga zaidi. Ndipo Dorica alipoacha kumvuta, akahamia barazani. Patson akigeuza uso, Dorica alingoja. Akiguna, naye aliguna. Mara moja alimcheka vibaya, Patson akatorokea Mununga, kando ya ziwa. Dorica alimfuata kwa mtumbwi. "Nimekosa, Baba Mable. Nimerudi."

Patson alimwambia mdogo wake Goodson: "Wengine wote wanasema maneno ya sawa kila siku. Huyu alinikosea, kisha akarudi." Tangu hapo alilala karibu zaidi na mlango mwaka hadi mwaka. Hakuuvuka.

Juni mwaka huu miguu ya Dorica ilivimba, pumzi ikawa fupi, akalazwa chumba cha ndani. Patson alikaa kizingitini, jasho likimtoka. Dorica hakumwita. Tarehe 9 Agosti Patson alijaribu kuingia, akakimbilia nje akitapika. Dorica alisema tu, "Niko." Kesho yake Patson aliingia, akaketi kitandani. Dorica alifariki tarehe 11, mkono wake mkononi mwa mumewe.

Kwa desturi yetu wanawake hulia ndani na marehemu, wanaume hukaa nje kwenye moto. Patson alibaki ndani.

"Kaka, banaume beko inje!" Goodson aliita. "Unakaa na bamama?"

"Uniache, Goodson. Miaka saba ya kuingia, na wewe unataka nitoke leo?"

Akina mama walicheka katikati ya kilio, wakampisha.

Leo asubuhi jeneza lilipotoka, Patson alisimama alifuate, akaishia kizingitini, akarudi kuketi. Hatukumvuta. Mable, binti yao wa pekee, amekaa naye.

Dorica ameacha mume, ambaye hatujui atatoka lini, binti mmoja, shemeji Goodson, na watoto wengi waliojifunza kunyonya mikononi mwake. Mungu ampe Dorica pumziko. Tukimaliza hapa, twende kwa Patson, tukae.