Viroboto wa Chupa ya Tatu

Chupa ya tatu niliiharibu mimi. Sijamwambia mtu, hata mama. Nitaeleza, lakini kwanza mwenye sherehe.

Ijumaa hii, tarehe 25 Julai 1986, Mzee Patrobas Nyongesa anastaafu baada ya kuitumikia maabara ya shule yetu kwa miaka ishirini na minane. Alianza mwaka wa 1958 akiwa mfagiaji. Hakuna aliyemfundisha hadubini. Aliipangusa kila jioni mpaka siku moja akachungulia. Leo walimu wapya, akiwemo Mwalimu Jecinta wa biolojia, huonyeshwa naye namna ya kuitumia.

Wengi mtamkumbuka kwa viroboto wake wa maji. Viroboto ni jina tu. Hao ni jamaa wa kaa na kamba, wenye ukubwa wa punje ya wimbi. Aliwateka kwenye dimbwi nyuma ya nyumba za reli, Makongeni, akawagawa katika chupa nne: ya kwanza maji matupu, na kila inayofuata chumvi kidogo zaidi. Kadiri chumvi ilivyozidi, ndivyo walivyokomaa wakiwa wadogo. Muturi, mfupi kuliko wote kidato cha tatu, alipowacheka, Mzee alimuuliza, "Kwani mama yako hutia vijiko vingapi vya chumvi kwenye sukuma?" Maabara nzima iliangua kicheko, Muturi akiwa wa kwanza.

Mzee hakutosheka. Je, chumvi ilikuwa imeubadilisha ukoo mzima? Aliwachukua watoto wa chupa ya nne, akawazoesha polepole maji matupu. Wakakua wakubwa kama wale wa chupa ya kwanza. Siku hiyo alituita hata sisi tuliokuwa tukifagia: "Njooni muone! Wamekataa kurithi shida!"

Sasa kosa langu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu Januari namsaidia kuosha vyombo. Kwenye joto la Februari maji ya chupa ya tatu yalipungua. Kila Jumatatu nikawa naijaza kwa maji ya chumvi aliyokuwa amepima kwa ajili ya chupa hiyo, nikidhani naitendea haki. Sikujua kwamba joto huchukua maji na kuacha chumvi. Kufikia Aprili, viroboto wa tatu walikuwa wadogo sawa na wa nne. Mkaguzi wa maonyesho ya sayansi alipoona chumvi mbili tofauti zikitoa ukubwa mmoja, akasema Mzee amepima kwa macho ya uzee, akaubandua ukutani ukurasa wa matokeo yake.

Mzee aliwapima viroboto tena mara tatu. Kisha akakausha kijiko cha maji yale juu ya moto, akaipima chumvi iliyobaki, akaona imezidi, akaandika daftarini: "Nilikosea kipimo. Kosa langu. P.N." Nilikuwa nimesimama karibu naye na kitambaa mkononi; nikaelewa chumvi ile ilitoka wapi, nikaendelea kupangusa chupa. Tangu hapo humwita Mwalimu Jecinta amsomee mizani. Lakini macho yake hayana neno: viroboto walikuwa wamepungua kweli, naye aliona.

Mzee, ahsante kwa kutufundisha kuuliza. Tunakuombea afya, mahindi mazuri huko nyumbani kwako Kimilili, na dimbwi lisilo mbali na nyumba.

Jarida hili linatoka Jumatano. Nakala yake nitampelekea mwenyewe asubuhi ya Ijumaa, kabla hajakabidhi funguo, pamoja na daftari na kalamu ili alifute lile "kosa langu". Nataka asikie ukweli kwa mdomo wangu. Hadi hapo, wewe uliyesoma, tafadhali usimwambie.