Mfalme Mundhir na Swafia wa Ekero

Wasikilizaji wapendwa, mfalme amefariki. Mfalme Mundhir bin Ghalib wa Nujaim, kule Uarabuni, alifariki Jumatatu akiwa na miaka sabini na mmoja. Alitawala miaka ishirini na miwili. Narudia kwa anayeingia sasa kutoka shambani: Mfalme Mundhir wa Nujaim amefariki, baada ya kutawala miaka ishirini na miwili.

Mimi ni Lynette Awinja, hapa Kakamega. Kipindi hiki huwakumbuka waliotutoka, na kwa kawaida huwakumbuka kwa sifa tu. Leo nitamsifu mfalme pale anapostahili sifa. Pale anapostahili hasira, ataipata.

Tuanze na sifa. Mundhir alizaliwa katika kasri ambamo dada zake hawakuruhusiwa kushika kalamu. Yeye aliishika kwa niaba yao. Dada yake mkubwa, Binti Mfalme Rabab, aliieleza televisheni wiki hii: "Alikuwa akitoka darasani anakuja chumbani kwetu, anatufundisha yote aliyofundishwa. Asipoelewa hesabu, tulimcheka, tukaielewa sisi."

Aliporithi kiti, jambo la kwanza alilofanya ni kufungua shule za wasichana. La pili, alimpa Rabab ufunguo wa gari. Wanawake wa Nujaim hawakuwa wakiendesha. Rabab akaendesha kutoka kasrini hadi sokoni, mfalme ameketi kando yake, ameshikilia kiti kwa mikono miwili. "Aliogopa," Rabab alisema. "Lakini hakuniambia nisimame."

Aliondoa viboko magerezani. Akaunda baraza, watu wakapiga kura. Kisha akagusa sheria ngumu kuliko zote, ile iliyomruhusu mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi mgeni. Wajenzi wakarudishiwa pasipoti zao. Madereva wakarudishiwa. Wauzaji wa madukani wakarudishiwa. Dunia ikampigia makofi.

Wafanyakazi wa nyumbani hawakurudishiwa.

Wasikilizaji, hapa msinyanyuke kwenda kugeuza ugali. Narudia. Wafanyakazi wa nyumbani, wanaopika na kufua na kulea, hawakurudishiwa pasipoti. Mwandishi mmoja alimuuliza mfalme kwa nini. Akajibu akitabasamu: "Siwezi kuingiza serikali jikoni kwa watu."

Mtu aliyethubutu kumweka dada yake kwenye usukani mbele ya nchi nzima aliogopa jiko.

Sasa tuje Ekero, karibu na Mumias. Pale msikitini kuna kisima kilichochimbwa kwa fedha za mfalme huyu, na maji yake ni mazuri. Anayeyachota kuliko wote ni Mama Kulthum, kwa sababu yeye ndiye mpishi wa msikiti. Harusi, Maulidi, matanga, pilau ni yake. Aliniambia wazi, "Awinja, maji ya huyo mzee nimekunywa. Sikatai."

Binti yake aliitwa Swafia. Alienda Nujaim kufanya kazi ya nyumbani. Alikuwa anaimbanga akipika, mama yake anasema, hata ungejua chumvi imeingia kwa kusikia sauti ikinyamaza ili aonje. Mwezi wa tatu mwaka huu alishikwa na homa. Akamtumia mama yake sauti kwenye simu. Nimeisikiliza mwenyewe. "Mama, wamesema nimalize kupiga pasi kwanza, ndio wanipeleke hospitali. Nguo zimebaki kidogo tu."

Hakupelekwa. Pasipoti ilikuwa kabatini kwa mwajiri, na mlango ulifungwa kwa ufunguo. Swafia alifariki humo ndani. Alizikwa huko huko kabla mama yake hajaambiwa. Wakala aliyempeleka alipiga simu baadaye, akasema "pole", akakata.

Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Mama Kulthum alitaka kitu kimoja tu. Kwa msio Waislamu, kuna swala ya ghaibu, swala ya jeneza inayosaliwa maiti akiwa mbali. Aliiomba kamati ya msikiti imsalie binti yake. Kamati ikamwambia angoje barua ya ubalozi. Hawawezi kusalia uvumi, walisema. Akangoja. Barua haikuja.

Kisha Jumatatu hii mfalme akafa. Jumanne, mwenyekiti wa kamati, Mzee Athman, akafika kwa Mama Kulthum. Athman ni ndugu wa marehemu mumewe. Yaani ni baba mdogo wa Swafia. Mazungumzo yao nimesimuliwa na mama mwenyewe, na Athman hajayakana.

"Asalaam aleikum, shemeji. Ijumaa tunamsalia Mfalme swala ya ghaibu. Kuna mgeni anatoka Nairobi, wa mambo ya zahanati ile tuliyoahidiwa na watu wa Mfalme. Sufuria zote tatu zitahitajika."

"Waaleikum salaam. Na Swafia?"

"Swafia amefanya nini?"

"Amekufa, shemeji. Ama umesahau?"

"Hiyo tulishaongea. Barua ikifika…"

"Ya mfalme imefika?"

"Barua gani?"

"Ya ubalozi. Kwamba amekufa."

"Shemeji, huyo dunia yote imemwona!"

"Ndiyo. Nami nimemwona. Uwanja mzima umemsalia. Wangu sijui kama kuna hata mmoja aliyeinua mikono kumwombea. Sasa enda utafute mpishi."

"Unanikosesha zahanati kwa hasira, wewe mama."

"Na wewe unamnyima mtoto wa ndugu yako dua kwa zahanati. Tazama mwenyewe nani amezidi."

Alhamisi Mama Kulthum akaja hapa studioni. Alivaa leso mpya. Aliketi, akakataa chai, akaniuliza, "Nyinyi mnasomanga matangazo ya vifo bila barua ya ubalozi?" Nikamwambia tunasoma akija mtu wa familia. Akasema, "Mimi ndio familia."

Nikasoma. Nilisoma tangazo la mfalme, na bila hata kuweka muziki katikati, nikasoma la Swafia, kwa sauti ile ile. Nilisema swala yake ni Ijumaa, msikiti wa Ekero, pamoja na ya Mfalme Mundhir. Kamati haikuwa imekubali. Nilijua haijakubali. Nikasoma mara tatu siku hiyo.

Na mnajua desturi yetu huku. Tangazo la kifo likisomwa redioni, watu huenda. Hawaulizi dini wala ukoo wa mbali. Mtu huacha jembe akaenda kuketi na waliofiwa.

Jana, Ijumaa, walikuja. Wakata miwa walikuja na gambuti zao za shambani miguuni. Kina mama wa kanisa walikuja wakaketi kando ya ukuta, nje. Nilikuwepo. Langoni kamati ilikuwa imetundika picha kubwa ya mfalme, na mzee mmoja mkata miwa, Osundwa, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni wa boma gani?" aliuliza.

"Ni mfalme wa Uarabuni, mzee."

"Haya. Mimi nimekuja kwa yule msichana."

Ndani kulijaa mpaka barazani. Baada ya swala ya Ijumaa, Mzee Athman alishika kipaza sauti. Mgeni wa Nairobi alikuwa safu ya mbele. Athman akatangaza swala ya ghaibu kwa Mfalme Mundhir bin Ghalib, mwenye kisima, mwenye shule, mwenye ukarimu. Alitaja sifa nyingi. Watu wakangoja. Akamaliza. Watu wakazidi kungoja.

Kijana wa bodaboda akasema kutoka mlangoni, "Na yule mwingine, mzee?"

Athman alimtazama mgeni. Mgeni alikuwa anatazama zulia. Athman akasema kwa sauti ndogo, "Na binti yetu."

Ndipo ikatoka sauti upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Ilikuwa ya Mama Kulthum.

"Ana jina!"

Wasikilizaji, Athman ni mtu mzima. Alimbeba mtoto yule siku ya akika, alipopewa jina. Akasema, "Na Swafia. Swafia, binti wa ndugu yangu." Imamu akaleta takbira za jeneza. Zikawa nne, kwa mfalme na kwa mfanyakazi wa nyumbani, sawasawa, hakuna aliyeongezewa.

Baada ya salamu, Mama Kulthum alitoka, akafunga leso kiunoni, akateka maji kisimani, akawasha moto chini ya sufuria zote tatu. Mgeni wa Nairobi alikula saa kumi jioni. Alikula, na akaongezewa.

Asubuhi hii meneja wangu, Bwana Chrispinus, ameniletea karatasi. Iko hapa mbele yangu. Inasema nilitangaza swala isiyoidhinishwa, nikamwaibisha mgeni, nikaivunjia heshima kumbukumbu ya mfalme mpenda mageuzi. Natakiwa niisome na kuomba radhi kabla ya taarifa ya habari. Chrispinus amesimama nje ya kioo. Anaashiria saa yake.

Kabla ya hapo nina rambirambi. Kwa Binti Mfalme Rabab na ukoo wake: poleni. Ndugu yenu alifanya mema, na nimeyataja yote niliyoyajua. Kwa Mama Kulthum na watu wa Ekero: poleni sana. Nanyi mnaosikiliza, mlio na binti ughaibuni akipika jikoni kwa mtu, mpigieni simu leo. Akisema anaumwa, msimwambie avumilie. Na nyinyi mnaowapeleka, mnaosema "pole" mkakata, mtatajwa hapa siku nyingine, kwa majina.

Tutafakari hili: mfalme aliyethubutu kubadilisha nchi nzima alisimama mlangoni mwa jiko, akaona aliyekuwa ndani, akageuka. Tumsifu mpaka hapo mlangoni. Kutoka hapo na kuendelea, tumtaje Swafia.

Sasa karatasi hii. Bwana Chrispinus, nakuona, na saa yako naiona. Nilitangaza kifo cha mtu aliyekufa. Nilimwita kwa jina lake. Watu wakaja.

Siombi radhi.