Mzee Meitamei na Darasa la Jikoni

Jumamosi hii, tarehe 30 Novemba 1957, Mzee Meitamei Lengai atauzima moto wa jiko la shule yetu, moto aliouwasha Januari mwaka 1931. Ni miaka ishirini na sita na miezi kumi na moja. Katika muda huo shule imepata Wakuu saba, imeezekwa mabati mara mbili, na imekuwa na mpishi mmoja.

Mzee Meitamei ni mtu wa Moshono. Alikuja hapa kubeba mawe ya kujengea ukumbi wa chakula. Mpishi wa kwanza alipotoroka, aliambiwa aangalie sufuria mpaka apatikane mwingine. Hakuna aliyekumbuka kumtafuta huyo mwingine. Wakati wa vita, chakula kilipokuwa haba, aliwalisha wanafunzi mia mbili kwa mahindi na majani ya maboga, wala hakuna aliyelala njaa. Ndiye pia aliyepiga kengele yetu, kile kipande cha reli kinachoning'inia nje ya jiko. Hakuwa na saa. Aliangalia kivuli cha bomba la moshi. Mkuu mmoja aliwahi kusimama karibu naye na saa ya mfukoni ili amkamate akikosea. Ilibidi saa ipelekwe mjini kutengenezwa.

Hayo yanajulikana. Nataka kuandika habari za Jumatano.

Kila Jumatano saa nane mchana ni kipindi cha dini. Serikali imeruhusu kila dini ije kuwafundisha watu wake, na si vibaya. Maalimu Jamaludin huja kwa baiskeli kutoka mjini, huwafundisha vijana wake saba, hunywa chai, hurudi. Kwa miaka yote hiyo hajamuuliza mwanafunzi wa mwingine jina lake. Lakini tuna pia Mwinjilisti Yoeli wa misheni ya mlimani na Katekista Klementi wa misheni ya bondeni, na hao wana wanafunzi wao wa kutosha kujaza vyumba viwili. Vyumba hivyo huachiwa viranja wasome kwa sauti. Wenyewe huenda jikoni.

Huenda jikoni kwa sababu ya desturi ya shule hii: mwanafunzi asiye na dini iliyoandikwa hawezi kukaa bure kipindi hicho, kwa hiyo hutumwa kwa Mzee Meitamei kumenya ndizi za chakula cha jioni. Wengi wetu ni watoto wa wafugaji wa magharibi ya mlima, na baba zetu walituruhusu kusoma, si kubadilishwa majina. Hilo ndilo Darasa la Jikoni. Kwa Yoeli na Klementi, darasa hilo ni kama malisho yasiyo na mwenyewe.

Watu wa nje hudhani wanafunzi wa hapa wanaichukia dini. Si kweli. Tunachokidharau ni mnada. Na mnada wa ng'ombe una heshima zaidi, kwa maana mnunuzi hufunua mdomo wa ng'ombe akaangalia meno. Wahubiri wetu hawakuangalia chochote. Mwaka juzi Lemayian wa darasa la saba alibatizwa mara mbili katika muhula mmoja. Mlimani alipata blanketi na jina la Samweli. Bondeni alipata shati, kalenda na jina la Bonifasi. Wahubiri wote wawili walimsifu kwa jinsi alivyoyashika mafundisho upesi. Walikuja kugundua siku ya kufunga shule, kila mmoja aliposoma orodha yake mbele yetu, na kijana yule yule akaitika kote kuwili. Tulicheka mpaka tukapigwa. Lakini nasi tujiseme: si yeye peke yake aliyelala chini ya blanketi la namna hiyo, ila wengine walikuwa na akili ya kubaki na jina moja.

Mzee Meitamei hakumfukuza mhubiri hata mmoja. Aliweka sharti moja tu, nalo lilimhusu kila aliyeingia jikoni, awe mwanafunzi au mgeni.

"Humu mdomo hufanya kazi pamoja na mikono," alisema. "Chukua kisu, Mwalimu."

Basi walihubiri huku wakimenya. Na ndizi mbichi ina utomvu. Utomvu ukitoka ni kama maji, huuoni. Ukikauka ni doa jeusi, na sabuni haiuwezi. Mzee Meitamei na sisi hujipaka mafuta ya nyama mikononi kabla ya kushika kisu, ili usigande. Kopo la mafuta lilikuwa pale pale juu ya meza. Yoeli na Klementi hawakuuliza kopo lile ni la nini, kwa kuwa walikuja kufundisha. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu wa vijiji hivi wamewatambua kwa vidole vyao, na ndiyo maana kanzu nyeupe ya Yoeli ina ramani kifuani.

Maongezi ya jikoni yalikuwa hivi. Nayaandika kama nilivyoyasikia nikiwa kwenye karai la ndizi.

"Meitamei, umri umekwenda," Yoeli alisema. "Ukifa leo utakwenda wapi?"

"Leo sina nafasi ya kufa, Mwalimu. Watu mia mbili hawajala."

"Nasema kwa dhati."

"Na mimi pia. Hiyo uliyoshika umeiachia ganda."

Klementi, aliyekuwa upande wa pili wa karai, alicheka. Mzee Meitamei akamgeukia. "Na wewe Katekista unazikata vipande kama za mgonjwa. Watoto hawa wana meno."

Tungeweza kudhani yote ni mchezo, kama isingekuwa fomu. Kijana anayemaliza darasa la kumi akitaka kwenda shule ya juu hujaza fomu ya serikali. Mwishoni mwake pana mstari usemao: jina, cheo na sahihi ya kiongozi wa dini anayeshuhudia tabia ya mwombaji. Bila mstari huo fomu haiendi popote.

Mwaka 1951 Lerionka alikuwa wa kwanza katika darasa la kumi, na miaka minne alikuwa wa kwanza katika kumenya ndizi. Baba yake alikuwa amemwambia kwamba siku atakayorudi na jina jingine, ndiyo siku atakayorudi kwa ng'ombe. Lerionka aliwaendea wahubiri na fomu yake.

"Nitatia sahihi jioni ile ile utakapotoka majini," Yoeli alimjibu.

"Mimi sina haja ya kungoja jioni," alisema Klementi. "Maji ninayo hapa."

Walikuwa wanamfahamu kijana huyo. Walijua haibi wala hagombani. Hawakuwa na neno baya la kuandika juu yake, na hawakuandika lolote. Lerionka alikwenda kukaa juu ya kuni nyuma ya jiko, fomu mkononi, siku moja kabla ya posta kuondoka.

Mzee Meitamei alimkuta hapo, akaichukua fomu, akaenda nayo ofisini akiwa na aproni.

"Nani atamshuhudia?" aliuliza Bwana Mkuu wa wakati huo.

"Mimi, Bwana."

"Wewe ni kiongozi wa dini gani?"

"Sina dini, Bwana, nina darasa. Wengine wana dini, na vipindi vyao wamewaachia viranja. Huyu nimemwona kila Jumatano miaka minne. Haibi nyama. Akikata kidole hafichi damu kwenye chakula. Akikosea husema."

Bwana Mkuu aliandika maneno hayo kama yalivyo. Karani alikuwa bado anatafuta kidau cha wino wa dole gumba, lakini sufuria ilikuwa motoni na Mzee Meitamei hakuweza kungoja. Alibonyeza kidole chake kwenye karatasi. Hakuna kilichoonekana.

"Hapana kitu hapa," alisema karani.

"Kipo. Kitatoka."

Asubuhi dole lilikuwa limetoka, la kahawia, mistari yake yote ikisomeka, kwa maana alikuwa anatoka kumenya na utomvu ulikuwa bado kidoleni. Karani alijaribu kulisugua, akatoboa karatasi kidogo. Fomu ikaenda hivyo hivyo, na Lerionka akaenda baada yake. Tangu hapo dole hilo ndilo linalowashuhudia wa Darasa la Jikoni kila mwaka. Leo anawasaidia waganga hospitalini Nkoaranga. Mwaka jana alibatizwa kwa hiari yake, akiwa na kazi yake na blanketi alilonunua mwenyewe, na baba yake alikuwapo. Kabla ya siku hiyo alikuja jikoni kumwambia mzee, akajipaka mafuta, akamenya karai zima huku akieleza. Mzee Meitamei alimsikiliza mpaka mwisho. Hatukuwahi kumwona akimsikiliza mhubiri namna hiyo.

Mwaka huu tuko sita wa Darasa la Jikoni tunaomaliza, na mwandishi wa habari hizi ni mmoja wao. Fomu zilichelewa kufika. Bwana Mkuu wa sasa ni mgeni, amekuja Februari. Wahubiri nao walikuwa wamekwisha kupiga hesabu.

"Mzee wenu anaondoka Jumamosi," Yoeli alituambia wiki iliyopita. "Baada ya hapo mtanitafuta."

Walikuwa na shauri kubwa zaidi: kumbatiza Mzee Meitamei mwenyewe kwenye sherehe ya kumuaga, mbele ya shule nzima, wakitumaini darasa lake litamfuata kama ndama. Yoeli alikuja na jina la Zakaria. Klementi alikuja na Ambrosi. Walianza kubishana juu ya majina hayo mlangoni kwa mwenye kuitwa.

"Nimeitwa Meitamei miaka sitini," aliwaambia, "na sijawahi kuchelewa kuitika. Lakini maneno yenu nitayasikiliza. Njoni Ijumaa. Sherehe ina watu mia nne, na ndizi zake hazijamenywa."

Fomu zilifika juzi, Jumatano, saa nane kasoro. Alituita sote sita mezani, ndizi ikiwa mkononi mwake. Safari hii hakujipaka mafuta. Alipitisha kidole kwenye utomvu, akabonyeza fomu moja moja, na kwa kila mmoja alitaja la kuandikwa. La mwandishi huyu lilikuwa fupi: husoma akimenya, hata hivyo humaliza. Kisha akatuambia jambo ambalo hakuna mhubiri aliyetuambia kwa miaka minne.

"Mtu akitaka kumpa Mungu moyo wake, ampe siku ambayo hahitaji sahihi."

Jana asubuhi madole sita yalikuwa yametoka. Bwana Mkuu alikwangua moja kwa ukucha, akamuuliza karani ni kitu gani hicho. Karani ni yule yule wa zamani.

"Ni Mzee Meitamei, Bwana," alijibu. "Haitoki."

Bwana Mkuu alizitia fomu zote sita katika bahasha, na bahasha imeondoka na posta ya jana.

Leo ni Ijumaa. Ninapobandika karatasi hii ukutani, Yoeli na Klementi wamekaa jikoni kila mmoja na karai lake, na kopo la mafuta liko kati yao. Bado hawajauliza.

Kwa niaba ya waliosoma hapa tangu mwaka 1931, walio na dini na wasio nayo, tunakushukuru, Mzee Meitamei, kwa kila sahani na kwa kila dole. Rudi salama Moshono kwa mkeo Mama Namnyaki na migomba yako. Uishi huko kwa amani, ulale mpaka jua likuchome, na kengele apige mwingine. Kisu chako tumekitundika msumarini pale pale, na sharti lake halijabadilika.