Upande wa Sikio Linalosikia

Wasikilizaji wapendwa, kama mna chungu jikoni punguzeni moto, na kama mmekwama kwenye foleni ya barabara kuu ya Beltway, basi leo foleni ina faida yake. Mimi ni Ghati. Niko Laurel, Maryland, kwenye chumba chetu kidogo cha redio ya jamii, hedifoni masikioni, chai imeshapoa mezani. Leo namkumbuka Bi Bimkubwa wa Lanham, aliyetutoka mwezi huu.

Wengi mlimjua. Ndiye yule mama wa Kizanzibari aliyekuja kila harusi na sufuria ya bokoboko, akakaa karibu na mlango, akaondoka kabla ya hotuba. Mlimjua kwa ukarimu wake. Na kwa kisirani chake vilevile. Tusidanganyane, marehemu hakuwa sukari. Lakini kuna jambo hamkulijua, na familia yake imeniomba nilitaje hewani.

Bi Bimkubwa aliishi zaidi ya miaka sitini akitafuta radhi ya kaka yake. Narudia: radhi ya kaka yake, Mzee Mwadini wa Springfield, Virginia. Kati yao ni mto Potomac tu na kipande cha barabara. Miaka sitini, wasikilizaji.

Tuanzie Unguja basi.

Mwaka wa mapinduzi, sitini na nne, Bimkubwa alikuwa msichana mdogo wa skuli. Dunia wakati ule ilikuwa na mabwana wawili, Mmarekani na Mrusi. Kila mmoja ana mabomu yake ya nyuklia, na kila mmoja anachungulia visiwa vya watu: huyu ni wangu au ni wako? Wamarekani walikuwa na kituo Tunguu cha kufuatilia vyombo vyao vya angani. Mjini watu walisema hapana, kile ni cha makombora. Serikali mpya ikawaambia waondoke, wakafungasha. Wakaingia Wajerumani wa Mashariki, rafiki zake Mrusi, na walimu na madaktari, na baadaye yale magorofa ambayo mpaka leo watu wanaanika nguo kwenye vibaraza vyake. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Tunaipenda sana methali hiyo. Mimi siku hizi inanikera, kwa sababu nyasi hazina majina. Hawa ninaowasimulia wana majina.

Mwadini alikuwa kijana, kazi yake kufagia kule Tunguu na kupeleka chai. Rafiki yake wa chanda na pete, Sabri, alikuwa akifanya kazi palepale, anatunza bustani. Wamarekani walipoondoka walimwachia Mwadini hedifoni mbovu, waya umekatika. Akaja nayo nyumbani. Jioni huivaa, hukunja uso, husema: "Haloo, nyie mlioko juu! Bimkubwa hajamaliza maharagwe yake, nimfanyeje?" Mtoto hucheka mpaka akalia. Sabri naye yuko hapo kwenye mkeka, anacheka. Kisha hedifoni inarudishwa chini ya kitanda.

Mtoto aliamini. Hilo mliweke moyoni, kwa sababu kisa chote kimesimama hapo.

Siku moja mwalimu wa Kijerumani alikuja darasani na mkalimani wake. Mtu mpole, mwenye peremende mfukoni. Kila mtoto asimame, aseme kwao wanafanya kazi gani. Huyu baba yake mpishi, huyu anachuma karafuu. Ikafika zamu ya Bimkubwa. Alitaka kuwapita wote. Akasema: "Kakangu huzungumza na Wamarekani walioko mbinguni. Mashine yao iko chini ya kitanda chetu." Darasa likapiga makofi. Akapewa peremende.

Haikupita wiki. Wakaja wanaume wasiojitambulisha. Hawakufungua kabati, hawakugusa mtungi. Walikwenda moja kwa moja chini ya kitanda, wakaondoka na hedifoni, na Mwadini.

Mwadini alirudi baada ya miaka, anachechemea, sikio la kushoto limekufa kwa makofi. Na kule gerezani alikuwa ameshapata hesabu yake. Nani alijua kuna nini chini ya kitanda? Mama, mtoto, na Sabri. Na nani alipata nafasi ya kusoma Ujerumani Mashariki miezi michache baadaye? Sabri. Hesabu imekamilika, na imekamilika vibaya. Mtoto wa skuli hakuingia kwenye hesabu hiyo.

Tasnim, binti yake marehemu, alikaa hapa nilipokaa mimi na kuniambia: "Mama aliniambia, siku Mjomba aliporudi, alitaka kusema. She really wanted to. Lakini Mjomba aliingia, akamkumbatia yeye wa kwanza, kabla hata ya bibi. Akasema, 'Wewe ndiye pekee hujaniuza.' Sasa ungesema nini hapo, aunty?"

Na mimi nawauliza nyinyi. Mngesema nini?

Sabri akarudi kutoka Ujerumani. Alikuja na koti zito, zawadi kwa rafiki yake Mwadini. Mwadini akalitupa barabarani mbele za watu, akamwita mchongezi. Jina hilo likaganda. Na hapo, wasikilizaji, ndipo moyo wangu unapochoka. Bimkubwa alipokuwa mwanamwali, Sabri alileta posa. Walikuwa wakipendana, kila mtu mtaani alijua. Baba hayupo, walii wa kumwoza ni Mwadini. Mwadini akawajibu washenga: "Nimwoze ndugu yangu kwa mtu aliyeniuza?" Bimkubwa alikuwa nyuma ya pazia. Neno moja tu lingetosha. Hakulisema.

Alimwendea Sabri kwa siri akamwambia ukweli: ni mimi. Tasnim anasema mama yake aliyarudia maneno ya Sabri mara nyingi, bila kupunguza: "Nyamaza. Mie nishachukiwa, nishazoea. Akikuchukia na wewe, yule ana nani tena?"

Sabri hakuoa. Aliishi peke yake kwenye moja ya yale magorofa, akitengeneza vyerehani. Harusini alikula sahani yake peke yake. Alikufa wakati Bimkubwa yuko huku Marekani, na waliobeba jeneza walikuwa wachache hata wakashindwa kupokezana.

Narudia, ili lisikike Lanham, lisikike Springfield, lisikike na Unguja kwa wanaotusikiliza kwenye simu: Sabri hakumchongea Mwadini. Sabri hakuchonga neno.

Maisha ya huku mnayajua. Bimkubwa aliolewa na mwingine, mtu mwema, akafiwa. Akaja na binti mmoja, akafanya kazi ya kuuguza wazee. Alimuuguza bibi mmoja wa Kimarekani, Bridget, mwenye nyumba kubwa hapa Maryland. Chini ya nyumba ile kulikuwa na rafu za makopo ya maharagwe, yamefura kwa uzee, yaliyowekwa akiba ya siku ambayo Mrusi angerusha bomu. Bridget alimhadithia kwamba skuli walifundishwa kujificha chini ya madawati. Bimkubwa aliporudi nyumbani alimwambia Tasnim: "Kumbe hata wao! Wao chini ya meza, sie chini ya kitanda." Tasnim anasema ilikuwa mara ya kwanza kumwona mama yake anamwonea Mmarekani huruma.

Mzee Mwadini naye akaletwa na mwanawe. Kwenye mahojiano ya ukaazi akaulizwa: umewahi kufungwa? Ndiyo. Kwa kosa gani? "Kwa kujuana na nyie," akajibu. Mkalimani akamkanyaga mguu.

Tasnim alipoanza shule hapa, watoto waliambiwa kila Ijumaa walete kitu kutoka nyumbani, wasimame, wakielezee. Wazazi nyinyi mnaijua hiyo show and tell, mnahangaika kutafuta kanga na vinyago. Bimkubwa alimshika mtoto mabega. "Mambo ya nyumbani husemi. Hata ukipewa peremende." Mwalimu akadhani ni watu wasio na kitu, akampa Tasnim mdoli wake mwenyewe aelezee. "Nilikuwa mtoto pekee darasani aliyesema uongo," Tasnim aliniambia. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Na kila Idi, Bimkubwa alivuka mto na sufuria yake kwenda Springfield. Akishamwandalia kaka yake, alikaa karibu naye, akamwinamia, akanong'ona kwa muda. Watu walidhani anamsomea dua. Tasnim alipokua ndipo aliponasa. Mama yake alikuwa akiungama. Alikuwa akisema yote, skuli, peremende, Sabri, na mwishoni, "Niwie radhi, kakangu." Lakini daima alikaa kushoto. Daima upande wa sikio lililokufa. Mwadini alitikisa kichwa tu na kuomba mchuzi zaidi.

Msimcheke. Hofu ina ujanja wake. Alitaka awe ameomba, bila ya kusikiwa.

Basi akaumwa. Figo. Madaktari wakarudisha mikono nyuma, akaletwa nyumbani Lanham kungoja. Kwenye televisheni, mataifa makubwa yanatishiana tena, nani ana kombora refu zaidi, kama vile hawakuwahi kuchoka. Akasema, "Zima. Mwite kaka yangu." Kisha akasema jambo ambalo Tasnim hakulielewa mara moja: "Na kitanda kigeuzeni. Akikaa, awe na mie upande wa kulia."

Mzee Mwadini akaja. Akakaa. Na Bi Bimkubwa, kwa mara ya kwanza, alisemea kwenye sikio linalosikia.

Mzee hakupaza sauti. Alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akatafuta viatu vyake mlangoni, akashindwa kuvifunga, akatoka navyo hivyohivyo. Bimkubwa alimwita. "Kaka. Kakangu. Mwadini." Gari likaondoka.

Alingoja. Kila mlango ulipofunguliwa aliuliza, "Mjomba'ko kaja?" Tasnim alipiga simu Springfield mpaka akachoka kupiga. Mzee hakushika simu. Bi Bimkubwa alikata roho asubuhi, jua limeshatoka, uso wake umeelekea mlangoni. Hakuipata radhi. Nasikitika kuwaambia hivyo, ningependa kuwaambia vingine.

Sasa, nyinyi Waislamu wa pwani mnaijua desturi, na sisi wa bara tumeijifunza kwenu kwa kuzika pamoja. Kabla maiti haijachukuliwa, mtu wake wa karibu husimama mbele ya watu, akamwombea msamaha kwa yeyote ambaye marehemu alimkosea. Bimkubwa hakuwa na mume, hakuwa na mtoto wa kiume. Mtu wake wa karibu alikuwa mmoja tu. Mzee Mwadini, ambaye hakumsamehe, ndiye aliyepaswa kuwaomba wengine wamsamehe.

Nilikuwepo, upande wa wanawake, nasikia kwa kipaza sauti. Alisimama. Imamu akakohoa. Kisha Mzee akasema: "Ndugu yangu Bimkubwa, kama yuko aliyemkosea, namwombea radhi." Watu wakaitikia, tumemsamehe. Alitakiwa aketi. Hakuketi.

"Mimi alinikosea," akasema. "Alikuwa mtoto. Nami nimemsamehe. Nilikuwa nimkamate mkono nimwambie, nikaona aibu kurudi. Kwa sababu yeye alikosa akiwa mtoto. Mie nilimuua mtu nikiwa na ndevu."

Tasnim alikuwa amenishika kiganja. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Can she hear that, aunty? Can she hear?" Nikamvuta kwangu, wasikilizaji.

Kwa Tasnim, kwa Mzee Mwadini na nyumba nzima ya Springfield, poleni sana. Kwa mtaa ule wa Unguja uliompokonya Sabri jina lake, poleni na nyinyi. Marehemu wapumzike. Nanyi mnaonisikiliza, wakubwa wa dunia wamerudi kuhesabiana mabomu, na wakianza hayo huwa hawakosi mtu wa kumuuliza mtoto kwao kuna nini chini ya kitanda. Hatuwezi kuwazuia. Lakini kama kuna mtu unayemnong'onezea upande asiosikia, mgeukie leo. Na kama ni wewe unayeombwa, usitafute viatu.

Jana Mzee Mwadini aliletwa hapa studio. Sabri hakuacha mke, hakuacha mtoto, hakuna mlango wa kubisha hodi. Ndiyo maana akaja redioni. Nikamvisha hedifoni. Ya kushoto akaisogeza pembeni, ya kulia akaikaza. Akasema:

"Sabri. Mie Mwadini. Hukunichongea. N'nasema mbele za watu wasikie, hukunichongea. Niwie radhi."

Nikamwashiria kwamba tumemaliza. Akainua kiganja, ningoje. Akaibana hedifoni kwa mikono miwili kwenye sikio linalosikia, amefumba macho, na mimi sikuthubutu kuzima mitambo. Tukakaa hivyo. Mwishowe akaivua, akaniwekea mezani taratibu.

"Hamna kitu, mwanangu," akaniambia. "Hajibu."