Miaka Thelathini na Minne ya Kugeuza Wagonjwa

Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba mgonjwa aliyelala kimya asisumbuliwe. Tunamfunika blanketi, tunamwombea, tunakunywa chai, tunaondoka. Huku nyuma ngozi ya kiuno na visigino inakosa damu, na kidonda kinaanza. Sista Lenah Nabwile, muuguzi wa wodi yetu, amepigana na kosa hilo kwa miaka thelathini na minne, kumi na miwili Kitale na iliyobaki hapa Bungoma. Tarehe 30 mwezi huu anastaafu.

Alipenda kutueleza kwamba kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili kunahitaji mikono tu. Kidonda kikifika mfupani kinataka bandeji kila siku, dawa, nauli, na mtu mzima mmoja aache kazi yake auguze.

Somo hilo alilipata Kitale. Mzee Ngige, mkulima wa mahindi, alivunjika nyonga. Nyonga ilipona, lakini kidonda alichopata kiunoni kwa kulala muda mrefu kilikataa kupona. Familia iliuza ng'ombe wawili, kisha mnunuzi akaja kuangalia shamba. Mkewe, Mama Wakiuru, alikuwa tayari ametoa hati ya shamba sandukuni. Sista alimsihi angoje majuma sita.

Hakuwa na dawa mpya. Aliendelea kukisafisha kidonda kama kawaida, ila jioni, watu wa kanisa walipofika, alisimama mlangoni pa wodi akawaambia, "Hapa hakuna kuomba kabla ya kugeuza. Osheni mikono, mshikeni mzee wetu, halafu tuombe."

Walinung'unika. Mchungaji alisema ati hiyo ni kazi ya manesi, lakini ndiye aliyeishia kushika miguu. Tangu siku hiyo wageni na manesi walipokezana kumgeuza kila baada ya saa mbili. Mzee mwenyewe alilalamika kwamba anageuzwa kama chapati. Majuma sita yalipokwisha, kidonda kilikuwa kimeanza kujaa nyama changa, na hati ikarudi sandukuni. Msimu uliofuata Mama Wakiuru alileta wodini gunia la mahindi ya kuchoma.

Sista alihamia Bungoma na desturi yake. Mgeni wa wodi yetu, awe ametoka Webuye au Kamukuywa, anajua hafungui soda kabla hajashika shuka kusaidia kumgeuza mgonjwa. Mwaka jana, kuanzia Machi hadi Desemba, hatukupata kidonda kipya hata kimoja.

Asante, Sista. Nenda nyumbani Kanduyi ukalale upande unaoupenda hadi asubuhi, na siku zako ziwe njema.

Nawe msomaji, kama kwenu kuna mtu asiyeweza kujigeuza, weka karatasi hii chini, uende ukamgeuze.