Mwanaheri Sadala na Maneno ya Baba Yake

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, Kibiti, Ikwiriri au visiwani kwenye delta, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwanaheri Sadala, mzaliwa wa Ruaruke. Alizikwa kwao Ijumaa iliyopita, baada ya kuugua kwa muda mrefu.

Mwanaheri alikuwa msimamizi wa kompyuta. Si kompyuta moja, wasikilizaji. Soko huria lilipofunguka, kampuni moja binafsi ya Dar es Salaam ilianza kukodisha kompyuta kwa vyuo na maofisi. Mezani kwako unawekewa skrini na kibodi tu. Kazi yako yote inakaa mbali, kwenye mitambo mikubwa. Kampuni ilikuwa na vyumba vitatu vya mitambo: Dar es Salaam, Mtwara na hapa Kibiti. Vyumba vitatu, vimeunganishwa kwa madishi ya setilaiti. Ukiacha barua nusu Kibiti, unaimalizia Mtwara. Aliyeviangalia vyote vitatu, akiwa amekaa Dar, ni Mwanaheri.

Mdogo wake, Sihaba, alikuwa karani wa chuo hapa Kibiti. Anakumbuka: "Dada akipiga simu haulizi hali kwanza. Anauliza, Sihaba, skrini zinafunguka? Ndipo anakumbuka kusalimia."

Baba yao, mzee Sadala, alilima mpunga bondeni maisha yake yote. Alijua kwa Kindengereko jina la kila samaki, kila jani, kila aina ya mafuriko. Mwanaheri ndiye aliyesema maneno yale yasipotee. Basi jioni, kazi za chuo zikiisha, mzee alikaa kwenye kiti kando ya Sihaba. Anasema neno, analieleza, Sihaba anachapa. Wakati mwingine wanacheka mpaka mlinzi anachungulia.

Ukaja mwaka wa mvua kubwa. Upepo ukaangusha dishi la Kibiti. Kibiti ikakatikiwa mawasiliano na wenzake, lakini mitambo yake ikaendelea kufanya kazi kwa jenereta. Baba na Sihaba wakaendelea kuchapa. Masika nzima walichapa. Kule Dar, mitambo ilibaki na kazi za Kibiti za kabla ya mvua.

Dishi liliposimamishwa tena, vyumba havikupatana. Kibiti ina yake, Dar ina yake. Watu wa Mtwara wakashindwa kuingia kabisa. Ilibidi Mwanaheri achague upande mmoja wa kufuatwa na wote, na kazi mpya ya upande mwingine ifutike. Alipiga simu chuoni. Iliita, haikupokelewa. Sihaba alikuwa arusini Dimani.

Meneja akamsimamia. "Mwanaheri, Mtwara wamekaa bure tangu asubuhi. Unangoja nini?"

"Nangoja Kibiti wapokee simu."

"Kibiti ni chuo kimoja. Fungua, mama."

Akafungua. Akachagua Dar. Mtwara wakashangilia, na kazi ya Kibiti ya masika nzima ikafutika. Nakala ya akiba haikuwepo. Mwanaheri mwenyewe alikuwa ameisimamisha kabla ya mvua, kwa sababu ilikuwa ikipunguza kasi ya laini ya Kibiti.

Sihaba aliporudi kutoka arusini, alipiga simu. "Dada, maneno aliyosema baba masika haya yapo wapi?"

"Dada aliniuliza kama tuliyaandika pia kwenye daftari," anasema Sihaba. "Nikajua."

Mwanaheri alipanda gari akaja Kibiti. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akaeleza. Mzee akamwambia, "Inuka, mwanangu. Mdomo si ninao? Tutasema tena."

Wasikilizaji wapendwa, hawakusema tena. Kabla hawajaanza, mzee Sadala alipooza upande mmoja, na sauti ikaondoka. Aliishi miaka mingine miwili bila kutamka neno. Mwanaheri akija likizo, mzee anamshika mkono, anamtazama. Sihaba anasema hilo ndilo lililomuumiza dada yake kuliko lawama yoyote. Hakuna aliyemlaumu.

Kazini aliweka utaratibu mpya: hakuna kufuta upande wowote mpaka mtu wa upande huo apatikane na aseme ndiyo. Meneja alilalamika. Mwanaheri hakulegeza. Na kila likizo alizunguka Ruaruke na Umwe akiwauliza wazee. Mzee Mshamu, aliyelima jirani na baba yake, alimpa maneno mengi. Lakini alimwambia wazi: "Haya ni ninayoyajua mimi. Aliyoyajua baba yako, mwanangu, siwezi kukupa."

Mwanaheri alishukuru, akatoka nje. Mzee Mshamu anasema alimsikia analia uani.

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Sihaba, bwana Twalibu mume wa marehemu, na ukoo wote wa mzee Sadala, poleni sana. Mwenyezi Mungu awape subira, amsamehe mja wake na ampe kauli thabiti.

Nasi tuliobaki tutafakari. Kama mzazi wako anaongea leo, nenda kakae naye. Muulize alichotaka kukuambia siku ile ulipokuwa na haraka. Muache amalize.